Form ya Wiki ni Mfangano? Soma Hii Kwanza

Msee, kutoka Migori shika mat hadi Rongo, pitia Homa Bay, ushukie Mbita. Hapo unapanda boti. Vaa jaketi ya kuokoa maisha, hili ziwa halina mchezo.

Ukifika, jua uko kwa watu. Mfangano ni nyumbani kwa Abasuba, ingawa siku hizi wengi wanaongea Dholuo. Asubuhi sema "oyawore", ukisaidiwa sema "erokamano". Na ukiona mama anaanika omena, muombe ruhusa kabla hujampiga picha.

Kule Mawanga na Kwitone kuna michoro kwa mawe, miduara nyekundu na nyeupe, inayosemekana ni kazi ya Watwa wa kitambo. Wenyeji wamekuwa wakiomba mvua huko, so hapo si ukuta wa kuandika jina la dem wako. Usiguse. Usimwagie maji ndio picha itoke fiti. Rangi ikitoka, imeenda.

Anzia makumbusho ya Abasuba, utafute mwenyeji akutembeze, na umlipe poa. Selfi utapiga popote, lakini hiyo michoro ukiiharibu hakuna wa kuichora tena.