Kisami cha Inari: Sarufi Tajiri, Wasemaji Wachache

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi muundo na hali ya lugha moja ndogo ya Ulaya ya kaskazini, kwani mkasa wake unawahusu wote wanaoshughulika na istilahi. Wasami ni wenyeji wa asili wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, na lugha zao ni jamaa ya Kifini. Mojawapo, Kisami cha Inari, huzungumzwa Ufini tu, kandokando ya ziwa Inari, na watu wapatao 400.

Sarufi yake ina mengi ya kumfunza mfasiri. Kwanza, mbali na umoja na wingi, lugha hii ina uwili. "Mun" ni mimi. "Muoi" ni sisi wawili. "Mij" ni sisi watatu au zaidi. Kitenzi nacho hufuata hesabu hiyo. Basi anayetaka kufasiri neno letu "tunakwenda" hana budi kuuliza kwanza: ninyi ni wangapi?

Pili, nomino huwa na hali tisa. Mambo tunayoyaeleza kwa maneno kama "katika", "pamoja na" au "bila", wao aghalabu huyaeleza kwa kubadili mwisho wa nomino. Pengine hata konsonanti ya katikati hubadilika: "t" ya "kietâ", yaani mkono, katika baadhi ya hali hugeuka "đ", sauti ile ya "dh" katika "dhahabu".

Tatu, ukanushi una kitenzi chake. Sisi husema "sisomi, husomi, hasomi" kwa viambishi. Wao hunyambua kitenzi cha kukanusha, "jiem, jieh, ij", kisha hutaja tendo lenyewe.

Utajiri huo haukuikinga lugha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watoto wengi walisomeshwa kwa Kifini huku wakilala katika mabweni mbali na wazazi. Walipokuwa watu wazima, wengi hawakuwarithisha wana wao lugha ya nyumbani. Kufikia miaka ya 1990, watoto walioizungumza walikuwa wachache mno.

Chama cha lugha kilikuwa kimekwisha kuundwa mwaka 1986, na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1992 iliwapa Wasami haki ya kutumia lugha zao katika ofisi za serikali. Lakini lililogeuza mambo ni "kiota cha lugha" kilichoanzishwa mwaka 1997, kwa kufuata mfano ulioanzishwa na Wamaori wa Nyuzilandi mwaka 1982: watoto wadogo hulelewa mchana kutwa kwa lugha hiyo pekee. Kisha mwaka 2009 hadi 2010 watu wazima 17 walifunzwa lugha, wakisaidiwa na wazee, ili kuziba pengo la kizazi kilichoikosa.

Watoto wa kiota walipofika shuleni, vitabu na istilahi za masomo vilihitajika, na sasa palikuwa na wa kuvitumia. Hapo ndipo penye funzo: istilahi humfuata msemaji; haimzai.

Yafaa pia tujitazame. Kiswahili tunachokitetea katika kurasa hizi ni lugha kubwa mbele ya lugha nyingi ndogo za nchi yetu, kama Kifini kilivyo mbele ya Kisami. Tunapokikuza, tuchunge kisiwafunge midomo watoto wa jirani zake.