Mnada Umehama, Jina Limebaki

Vijana wetu wa Singida husema "naenda mnadani" kama wasemavyo "naenda kisimani", wala hawajiulizi neno hilo limetoka wapi. Waama, neno lenyewe ni mgeni wa siku nyingi aliyekwisha kuwa mwenyeji. Katika Kiarabu nidaa ni wito wa sauti ya juu, na mwenye kuita ni munadi. Nasi kwa shina hilo tunasema kunadi, mnadi na mnada. Basi mnada kwa asili yake si uwanja, bali ni ile sauti ya mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe au aliyeinua kanga juu, akitaja bei na kungoja atakayeongeza. Shina hilo hilo limo ndani ya Sura ya Ijumaa, panapotajwa kuitwa kwenye Sala na kuacha biashara. Siku hizi hata wagombea wa uchaguzi hunadiwa, ingawa huko bei haitajwi hadharani.

Sauti ikiisha kunyamaza, mahali hubaki na jina. Dodoma iko Kata ya Mnadani. Na Wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, iko Kata ya Mnadani pia. Watu wa huku na wa kule hawakupatana, bali walifanya kazi ya namna moja. Na jina likiisha kuwa la mtaa huzaa: kituo cha basi huitwa hivyo, na shule, na zahanati, na pengine msikiti. Kisha mji hukua, nyumba zikaukaribia uwanja, wenyeji wakachoka na vumbi na samadi, ng'ombe wakahamishiwa pembeni. Jina halihamishwi. Mtoto huzaliwa Mnadani asione hata mbuzi mmoja akiuzwa.

Hapa kwetu, shukrani kwa Mwenyezi Mungu, sauti haijanyamaza. Siku ya mnada humkuta Mnyaturu na Mnyiramba, Mgogo, Msukuma na Mbarabaig, na kuku na vitunguu na asali, na ng'ombe ambao baadhi yao watafika hata mnada wa Pugu, Dar es Salaam.

Ukivuka bahari kwenda Unguja utakuta majina ndugu wa hili. Uko mtaa wa Gulioni. Gulio ni soko la siku maalumu, na neno hili ni la kwetu Waafrika: Msukuma kununua akuita kugula, na Mganda naye okugula. Uko tena mtaa wa Soko Muhogo, ndani ya Mji Mkongwe. Tazama ajabu ya jina hilo: soko ni neno la Kiarabu, na muhogo ni mmea ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, vikakutana katika uchochoro mmoja! Halafu wakaja Waingereza, nasi tukapata marikiti. Soko kuu la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, watu waliliita hivyo, na Mombasa nako iko Marikiti.

Lakini, ndugu msomaji, uko mnada mmoja ambao haukuacha jina. Ulikuwa pale Mkunazini, hatua chache tu kutoka Soko Muhogo, na waliokuwa wakinadiwa ni binadamu. Baadhi yao walipitishwa katika nchi hii yetu, kwani njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda pwani ilikatiza Mgunda Mkali, ambayo leo ni upande wa Manyoni. Tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko lile likafungwa. Wamisionari wa Kiingereza wakajenga kanisa juu yake.

Sasa mtu na azingatie. Muhogo ulipata mtaa wake. Ng'ombe wamepata kata mbili. Mahali walipopigiwa kelele za bei watoto wa watu pameitwa kwa jina la mti wa mkunazi. Sisemi kwamba wazee walikusudia kuficha. Huenda mti ulikuwapo kabla ya soko, na watu hupenda kuita mahali kwa kitu kisichowaumiza. Ila sisi tunaofundisha hatuna udhuru wa kunyamaza, kwa kuwa miongoni mwa waliouza na walionunua pale walikuwamo Waislamu wenzetu, nao waliijua vyema Sura ya Balad inavyotukuza kumwacha huru mtumwa. Mtoto akisikia habari hii kwanza kwa mgeni, atatuuliza kwa nini hakuisikia kwetu.

Tangu mwaka 1998 pako mahali pa kuonea. Katika uwanja wa kanisa lile limechimbwa shimo, na ndani yake zimesimamishwa sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni. Minyororo hiyo ni ile ya zamani yenyewe.