Bunia: Wanafunzi wa master watafuta utulivu wa kusoma

BUNIA – Mfumo wa LMD, ulioanza kutumika kote nchini Kongo katika mwaka wa masomo 2021-2022, unamdai mwanafunzi wa master krediti 120 kwa miaka miwili. Katika hesabu hiyo hazimo saa za darasani peke yake. Saa anazokaa mwenyewe na vitabu nazo zinahesabiwa, na hizo ndizo ngumu kupatikana Bunia.

Wengi wanaosomea shahada hiyo mjini hapa ni watu wazima: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wa mashirika. Mchana ni kazi, jioni darasa, usiku familia. Umeme ukikatika, mwenye paneli ya sola anaendelea, wengine wanalala.

Lakini giza si tatizo kubwa kuliko yote. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mashambulizi hayakuisha. Anayeketi kuandika tasnifu huenda ana ndugu Djugu au Irumu, au jamaa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, au amewapokea nyumbani kwake. Simu ileile inayoleta maandishi ya profesa kwenye kundi la WhatsApp inaleta pia habari za kijiji kilichochomwa. Kumwambia azime simu ni rahisi kwa asiye na mama huko.

Hapo wengi hujilaumu kwamba ni wavivu. Utafiti hauwaungi mkono. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani, Sendhil Mullainathan na wenzao kuhusu wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi majaribio ya akili kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimewaishia, kuliko baada ya kuvuna. Akili yao ilikuwa ileile, ila wasiwasi wa fedha ulikuwa umechukua nafasi yake. Mwanafunzi wa Bunia anayewaza karo na kodi ya nyumba hana tofauti kubwa na mkulima huyo.

Kuna pia mzigo wa lugha. Anawaza na kuongea nyumbani kwa Kiswahili, anaandika tasnifu kwa Kifaransa, na makala nyingi anazohitaji ziko kwa Kiingereza. Kurasa kumi zinazomchukua mwingine saa moja, yeye zinaweza kumla jioni nzima.

Msimamizi wa tasnifu naye anaweza kuwa Kinshasa, ambako saa iko nyuma kwa saa moja, au Kisangani, safari ya karibu kilomita 700 kwa barabara. Majibu yakichelewa wiki kadhaa, mwanafunzi anarudi kwenye sura aliyokwisha kuisahau.

Kwa kukatizwa huko, mtafiti Sophie Leroy ana jambo linalosaidia. Mwaka 2009 alionyesha kwamba mtu akiacha kazi katikati, sehemu ya mawazo yake hubaki huko na kumpunguzia nguvu katika kazi inayofuata. Mwaka 2018, pamoja na Theresa Glomb, aliongeza dawa: kabla ya kuinuka, andika kwa ufupi umefika wapi na utaanzia wapi ukirudi. Haihitaji umeme wala intaneti, na si lazima iandikwe kwa Kifaransa.

Daftari hata hivyo halitamaliza tatizo la mahali pa kukaa. Chuo kinachodai saa za kazi binafsi kingefaa kuacha chumba cha kusomea wazi jioni, chenye taa za sola, na kuwapa wasimamizi muda maalumu wa kujibu. Kwa anayelala na wageni sita katika vyumba viwili, meza moja yenye taa ingekuwa sehemu ya masomo yenyewe.