Mashamba ya Tulipu ya Monet na Rangi za Kiswahili

Katika vitivo vyetu husemwa mara nyingi kwamba uchoraji wa Ulaya hauzungumziki kwa Kiswahili: maneno ya rangi hayatoshi, afadhali Kifaransa. Nataka kulipima dai hilo kwa picha moja. Likiwa la kweli, linatuhusu sisi tunaosomea lugha za Kiafrika kuliko linavyowahusu wachoraji.

Picha yenyewe ni ya Claude Monet, iitwayo Mashamba ya Tulipu Uholanzi. Aliichora mwaka 1886, na leo iko katika Makumbusho ya Orsay mjini Paris. Tunaona nchi tambarare, kinu cha upepo, mbingu yenye mawingu, na chini yake maua yamepandwa kwa mistari mirefu myekundu na ya manjano. Monet hakuwa mgeni Uholanzi, kwani mwaka 1871 alikaa Zaandam miezi minne hivi akichora vinu na mifereji. Safari ya 1886 ilikuwa fupi zaidi, wakati tulipu zimechanua. Baadaye alimwandikia rafiki yake Théodore Duret kwamba mashamba yale ni ya kustaajabisha, lakini yanamtia mchoraji wazimu, maana rangi tulizo nazo ni maskini mno kuyaonyesha. Kumbe hata mwenye sanduku la rangi alilalamika!

Jina la kundi lake lilitokana na dhihaka. Mwaka 1874, Louis Leroy wa gazeti la Le Charivari alichukua neno « impression » katika jina la picha ya Monet ya bandari ya Le Havre, akawabandika wote jina la impressionnistes. Wenyewe wakalikubali. Walichotafuta ni kuchora kile ambacho jicho linapokea saa ile ile, katika mwanga ule ule, si kitu kama akili inavyokijua. Ndiyo maana kivuli kwao kinaweza kuwa cha buluu, na ukuta mweupe ukawa wa waridi. Mchoraji Mmarekani Lilla Cabot Perry alisimulia ushauri wa Monet: sahau kwamba mbele yako pana mti au nyumba, ona tu mraba wa buluu hapa, kipande cha waridi pale.

Hapo ndipo Kiswahili kinapopata shida, ila si shida ile inayosemwa. Tuna vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema ua jekundu, mistari myekundu. Rangi nyingine nyingi tunaziazima kutoka kwa vitu: manjano ni kiungo cha jikoni, kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Waliosoma kazi ya Berlin na Kay ya mwaka 1969 wataitambua ile tatu ya mwanzo: nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu. Basi Monet anatuambia tusahau vitu, na sisi kila tukitaja rangi tunarudisha kitu. Nikisema kivuli cha zambarau, tayari nimeangusha tunda kwenye shamba la Mholanzi.

Lakini Kifaransa nacho kina rose, orange, violet na marron. Maua mawili na matunda mawili, na hakuna anayekiita lugha maskini kwa sababu hiyo.

Tena kuna neno moja ambalo, kwa maoni yangu, tunawazidi. Paysage imejengwa juu ya pays, nchi; landschap ya Kiholanzi juu ya land, ardhi. Mandhari yetu imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, ule ule uliotupa nadhari na nadharia. Wao wametaja udongo, sisi tumetaja jicho. Kwa picha ya Monet, jicho ndilo lenyewe.

Na kuzungumzia picha kwa Kiswahili si jambo la kubuni leo. Mwaka 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimweleza Johannes Fabian picha zake za historia ya nchi yetu, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Fabian, ambaye baadaye alifundisha Amsterdam, alizichapisha pamoja na mazungumzo hayo mwaka 1996. Zile zilikuwa picha za matukio, si za mwanga. Hata hivyo lugha haikukwama.

Kwa mwanga, ninapendekeza tuache kuhesabu majina ya rangi, tugeukie vitenzi na viigizi. Rangi hukolea, huiva, hupauka, hufifia, huchujuka, mwanga humetameta. Wekundu una pyu yake, weupe una pe. Vitenzi hivi havitaji jani wala tunda. Vinataja kile kinachoipata rangi mbele ya macho, na ndicho Monet alichokifuata. Jaribio langu ni hili: tulipu za karibu ni nyekundu pyu, zimekolea, za mbali zinafifia kuelekea upeo, manjano yameiva, mbingu imepauka. Nyasi nimeziacha ziwe za kijani. Kwa nyasi, neno halikosei.