Mamluki wa lala salama

Ligi zetu za mitaani zifikapo lala salama, huonekana Mishomoroni jambo ambalo sasa limekuwa kama ada. Timu iliyoanza msimu na vijana wa mtaa, waliojichangia nauli ya matatu hadi Changamwe, ghafla hushuka uwanjani na sura tatu nne ambazo hata watoto waokota mpira hawazijui. Mfadhili amewaleta. Beki wa kushoto aliyecheza tangu mechi ya kwanza huambiwa akae benchi, wala hapana amwelezaye sababu.

Sisemi timu isijiimarishe. Mlinda lango akivunjika mkono zikiwa zimesalia mechi tatu, kocha afanyeje? Ninalolilalamikia ni kipimo. Mamluki huchaguliwa kwa mabao mawili aliyofunga katika mchezo mmoja, pengine dhidi ya timu iliyokwisha kukata tamaa. Kwa kipimo hicho beki hapimiki kabisa, maana hatari alizozizima haziandikwi popote. Kocha mwenye daftari, aandikaye nani kahudhuria mazoezi na nani kapoteza mpira mara ngapi, ni adimu mitaani kwetu kama maji ya mfereji.

Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli, wamelifikiria suala hili kutuzidi. Kila timu ya ligi yao kuu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida, na mpigaji afanikiwaye mara 3 katika kila 10 huhesabiwa hodari. Basi hodari huyo hushindwa mara 7, na siku yake moja ya bahati haithibitishi lolote. Kubwa zaidi ni tarehe. Mchezaji ambaye hajaingia katika klabu kufikia Agosti 31 haruhusiwi kuichezea katika mechi za mchujo za kuwania ubingwa. Septemba 1 kikosi hupanuliwa kutoka wachezaji 26 hadi 28 (hadi mwaka 2019 kiliweza kufika 40), na aghalabu wanaopandishwa ni vijana wa timu za chini za klabu iyo hiyo.

Pwani hii ina historia yake. Feisal walitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Bandari walimaliza wa pili ligini mwaka 2018 na tena 2019, mwaka ambao walinyakua pia kombe la Shield. Klabu za namna hiyo zitavuna wachezaji wapi, ikiwa vijana wa Kisauni huvunjwa moyo kila mwisho wa msimu?

Waandalizi wa mashindano na wafunge usajili zikibakia mechi tano, na aliyeumia pekee ndiye atafutiwe badali, kwa kibali cha maandishi. Wafadhili watanung'unika. Lakini posho ya mamluki wanne yaweza kusaidia kununua viatu vya vijana mwanzoni mwa msimu, wakati ambapo wafadhili hao kwa kawaida hawaonekani.