Kitanda cha Tatu na Bei ya Safari ya Meli

Chukua mfano wa tangazo la meli ya kitalii itokayo Galveston, Texas, kwenda Cozumel, Mexico, na kurudi: usiku 7, dola 499 kwa mtu. Baba mwenye mke na watoto wawili anazidisha mara nne, anapata dola 1,996, kisha anaanza kuweka akiba. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Moja limemwongezea gharama, jingine limempunguzia, na hilo la pili ndilo kubwa.

Bei za meli hizi hupangwa kwa watu wawili katika chumba kimoja. Wawili wa kwanza hulipa nauli kamili, hata kama mmoja wao ni mtoto wa miaka mitatu. Wa tatu na wa nne, wanaolala kwenye kochi linalokunjuliwa au kitanda kinachoshushwa kutoka darini, kwa kawaida hutozwa nauli ndogo, na nyakati za ofa hawatozwi nauli kabisa. Hapo ndipo baba yule alipojiongezea.

Alipojipunguzia ni kwenye kodi na ada za bandari, ambazo ofa ya "watoto bure" haizifuti. Baadhi ya matangazo siku hizi huzijumuisha, mengine huziacha, kwa hiyo soma maandishi madogo. Halafu ipo bakshishi ya wahudumu. Katika meli nyingi za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, nayo huingizwa kwenye akaunti yako moja kwa moja.

Tuseme wa tatu na wa nne wanalipa dola 300 kila mmoja, kodi na ada ni dola 150 kwa kila mtu, na bakshishi ni dola 17. Nauli ya wote ni 1,598. Kodi na ada ni 600. Bakshishi ya watu wanne kwa siku saba ni 476. Jumla ni dola 2,674, yaani kama dola 95 na nusu kwa kila mtu kwa usiku. Tumia kiasi hicho cha mwisho kulinganisha meli na meli, au meli na hoteli, ukikumbuka kwamba chakula cha kawaida kimo ndani yake. Bado hujahesabu maegesho ya gari, bima, intaneti wala matembezi ya bandarini. Kifurushi cha vinywaji kiangalie kwa makini: kampuni kadhaa hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue. Familia isiyokunywa haina sababu ya kukigusa.

Sasa tuje kwenye muda wa kununua. Wengi wamesikia kwamba meli ikikaribia kuondoka bei hushuka, kwa sababu chumba kitupu hakiingizi kitu. Kwa mume na mke wanaoweza kusafiri wiki yoyote, kusubiri huenda kukawafaa. Kwa familia ya watu wanne ni hatari, na sababu yake ni boti za uokoaji.

Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalitia saini mwaka 1914 mkataba wa kwanza wa SOLAS kuhusu usalama wa maisha baharini. Matoleo yaliyofuata yameendelea kudai kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye boti au chombo kingine cha uokoaji. Kila chumba hupangiwa kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura, na kila kituo kina ukomo wa watu. Itazame meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Ina vyumba 2,805. Vyote vikiwa na watu wawili wawili, abiria ni 5,610, lakini meli inaruhusiwa kubeba hadi 7,600. Tofauti hiyo ya watu 1,990 ni nafasi za wale wa tatu, wa nne na kuendelea, nazo ni chache kuliko vyumba vyenyewe. Likizo za shule zikifika, nafasi hizo zinaweza kuisha wakati vyumba vya watu wawili bado vinauzwa. Mfumo utakuambia hakuna nafasi ya watu wanne, na utalazimika kuchukua vyumba viwili kwa nauli nne kamili.

Kwa hiyo familia inunue mapema, miezi tisa hadi kumi na miwili kabla ikiwezekana, na ichague nauli ambayo kianzio chake hurudishwa. Kisha iendelee kuitazama bei. Malipo ya mwisho mara nyingi hudaiwa siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Kabla ya tarehe hiyo, bei ikishuka, piga simu kwa kampuni au wakala uombe bei mpya. Kampuni nyingi hukubali, lakini ni lazima uombe. Tarehe ikishapita, kufuta safari kunaanza kukugharimu, na zikibaki wiki mbili kampuni nyingi hazirudishi hata senti ya nauli.

Januari hadi Machi ndio msimu wa ofa. Kwa maoni yangu, nyingi kati ya hizo ni zawadi za matumizi melini kuliko punguzo la kweli, kwa hiyo linganisha jumla ya mwisho. Wiki za bei nafuu ni za Januari baada ya mwaka mpya, Septemba, na mwanzo wa Desemba. Septemba ni kilele cha vimbunga vya Atlantiki, ambavyo msimu wake ni Juni hadi Novemba, na kampuni ina haki ya kubadilisha bandari bila kukulipa fidia.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani liko jambo linalozidi gharama zote hizi. Meli ikiondoka Galveston kwenda Cozumel, umetoka nchini. Mwenye green card abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mwenye ombi la ukimbizi au la ukaazi lisiloamuliwa asilipe hata kianzio kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Ukishaweka nafasi, andika tarehe ya malipo ya mwisho kwenye kalenda ya nyumbani, na uangalie bei angalau mara moja kwa wiki mpaka siku hiyo ifike.