Jipu la Kifandugu: Haya Haiwi Tabibu

Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Yapo pia maradhi yasiyoua, ila humnyima mfichaji hata kiti cha kukalia. Mwanafunzi hukaa upande, akainuka mara kwa mara, akasingizia hili na lile. Mwalimu humwona mtukutu, akamwadhibu. Kumbe kijana wa watu ana jipu penye mpasuko wa makalio, karibu na kifandugu, na haya imemfunga ulimi.

Maradhi haya si mageni. Mnamo mwaka wa 1880, daktari Richard Hodges wa Boston, Marekani, aliyapa jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kilatini: unywele na kiota. Ndani ya kishimo hicho mpasuaji mara nyingi hukuta nywele zilizojikusanya mithili ya kiota cha ndege.

Zimefikaje humo? Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa mtu huzaliwa na kishimo hicho. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaitia imani hiyo shaka: wanajeshi wa Marekani wapatao 80,000 walilazwa hospitalini, wengi wakiwa wamerushwarushwa juu ya viti vya magari ya Jeep. Mwaka wa 1946, Patey na Scarff wa Uingereza wakashikilia kwamba unywele hutoka nje, ukapenya ngozini kwa kusuguliwa. Vinyozi ni mashahidi wazuri, kwani wapo wanaopata kishimo kama hicho baina ya vidole, kimejaa nywele za wateja. Nani basi aliyezaliwa na nywele za mteja wake?

Hivyo basi, haya si matokeo ya laana wala ya uasherati. Huwapata hasa vijana waliokwisha kubaleghe, wanaume zaidi ya wanawake, na kukaa kitako kwa saa nyingi huyachochea.

Jipu likiiva hupasuliwa, usaha ukatoka, mgonjwa akapumua. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani wamepona ilhali kiota kingalimo. Mara nyingi huhitaji kuondolewa kwa upasuaji. Kidonda kikiachwa wazi, hupona polepole na huhitaji kusafishwa na kufungwa kwa majuma mengi. Kikishonwa katikati ya mpasuko, hufunga upesi, lakini maradhi ni mepesi kurudi, kwa kuwa kovu limebaki palepale penye jasho, msuguano na nywele. Karydakis, mpasuaji wa Ugiriki, aliuhamisha mshono kando ya mstari wa kati. Mwaka wa 1992 alitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 6,000, na waliorudiwa walikuwa karibu mmoja tu katika kila mia. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake mshono utapita wapi.

Hata hivyo, mpasuaji hamalizi kazi peke yake. Nywele huendelea kudondoka; asiyepaweka mahali hapo pakavu na safi, wala kurudi kliniki kama alivyoagizwa, huenda akakirudia kitanda cha hospitali.

Kwenu walimu, ombi langu ni moja: kabla ya kumwadhibu asiyetulia kitini, mwiteni faraghani mkamwulize. Nanyi wanafunzi, jueni kwamba daktari hacheki makalio ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa maumivu yako mwenyewe.